Skrubu ya Pua ya Bunduki ya Baba

Penrose Flat, Australia Kusini
Jumapili, 10 Januari 1971

Kwako kaka Clarrie,

Salamu zikufikie wewe na wifi Dot, na hata yule kasuku wenu mwenye matusi. Mimi mzima, ila joto linataka kunimaliza. Jana lilifika nyuzi mia na nane za Farenhaiti, kuku wameshinda chini ya tangi la maji midomo wazi. Ngano imeshavunwa yote, watu wana hela, wanatabasamu hata kanisani. Asante kwa kopo la shira mlilonitumia Krismasi kutoka kiwanda chenu cha sukari. Nusu limeshakwisha, na sikuwa na mgeni.

Mwezi wa tano utatimia mwaka tangu tumzike Baba, na hatimaye nimepata moyo wa kusafisha banda lake. Nimetoa mikokoteni miwili ya mabati, misumari na magazeti. Nyuma ya pipa la chokaa, ndani ya gunia, nikaikuta bunduki yake ya vita vya kwanza vya dunia. Nilikaa chini nikalia, Clarrie, kisha nikacheka, maana alikuwa ameiviringishia suruali yake ya ndani, ile ya sufu.

Sasa nisikilize. Klabu ya shabaha imetangaza shindano la bunduki za zamani, Jumamosi tarehe 24 Aprili, kesho yake ndiyo siku ya kuwakumbuka askari. Nataka bunduki ya Baba ilie siku hiyo. Sitaki kuitundika ukutani. Shida yake ni kwamba kitako kimelegea, kinacheza kama jino la mtoto. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kuwa ndani ya kitako kuna bolti ndefu. Nikafungua kifuniko cha shaba kule nyuma, nikachomoa kipande cha ngozi, nikatumbukiza bisibisi ndefu, nikaanza kukaza.

Ndipo akatokea Perce Hocking getini, analeta tangazo la klabu. Siku hizi yeye ndiye nahodha. Aliangusha karatasi zake zote akapiga kelele, "Wee Elva! Acha! Utaupasua!" Mtu huyu hata kwenye mazishi ya mkewe hatukusikia sauti yake.

Akanieleza kwamba ncha ya bolti ile ni ya pembe nne, na imeshikwa na kipande cha chuma kilichomo ndani ya ubao wa mbele. Ukiigeuza wakati ubao bado upo, ncha inazunguka na kuupasua ubao kama kuni. Kwa hiyo lazima ubao wa mbele utoke kwanza. Ubao nao hautoki mpaka ile kofia ya chuma ya puani itoke, na kofia haitoki mpaka skrubu yake itoke. Na skrubu hiyo imeganda! Perce ameishughulikia saa nzima, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu, haikusogea hata unywele. Amesema Jumamosi atapita tena aitazame.

Nifanyeje? Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa silaha jeshini. Usinipigie simu, tafadhali. Doreen wa mitambo ya simu anasikiliza kila neno, na Jumatatu nitayasikia yote kwa muuza nyama.

Dada yako,
Elva


Innisfail, Queensland
24 Januari 1971

Elva mdogo wangu,

Sote wazima huku, tunakusalimu. Mvua haijapumzika tangu mwaka mpya. Viatu vyangu vya kanisani vimeota ukungu wa kijani, na kasuku amejifunza kuiga sauti ya mvua kwenye bati, kwa hiyo Dot anaanua nguo hata kukiwa na jua. Nimefurahi sana kusikia habari za bunduki. Suruali ya sufu unaweza kuichoma.

Hicho ulichotaka kufanya ndicho kosa la kila mtu wa nchi hii mwenye bisibisi. Katika miaka yangu ishirini ya jeshi nimeona mbao zilizopasuka namna hiyo zaidi ya mia mbili, na kila aliyeniletea aliapa kwamba aliikuta hivyo. Mshukuru Mungu kwamba Hocking alipita. Ni jambo la kwanza la maana nililosikia amelifanya. Si ndiye yule aliyetumbukia kwenye josho la kondoo siku ya harusi ya kaka yake, akiwa amevaa suti ya kuazima?

Sasa kazi. Skrubu iliyoganda haishindwi kwa nguvu. Changanya mafuta ya mashine na mafuta ya taa, nusu kwa nusu. Kila jioni tia tone moja kichwani mwa skrubu. Weka bisibisi juu yake, gonga mara kumi kwa nyundo ndogo, polepole, kama unabisha hodi nyumba yenye mgonjwa, ili mafuta yashuke na kutu ishtuke. Siku ya kuifungua, usianze kwa kufungua. Kaza kwanza, kidogo tu, ndipo ulegeze. Na bisibisi lazima iujaze ule ufa wote wa kichwa, la sivyo utaula ufa na utabaki na kichwa kama kifungo. Hizo za dukani ni takataka. Nakutumia moja niliyoinoa mwaka 1943 kwa ajili ya skrubu ya aina hiyohiyo. Usimpe Hocking aondoke nayo.

Wiki mbili. Isipotoka kwa wiki mbili, usiniite fundi tena, niite mpishi.

Kaka yako,
Clarrie


Penrose Flat
Jumapili, 14 Februari 1971

Kwako kaka Clarrie,

Habari za mvua? Sisi huku tunaiombea kila Jumapili na inakuja kwenu. Paka amezaa watoto watano ndani ya kofia ya Baba ya mazishi, na sikuwa na roho ya kuwatoa. Mchungaji mpya anahubiri dakika kumi na mbili tu, wazee wamekasirika, wanasema anawapunja.

Bisibisi imefika. Imekaa kwenye ule ufa kama imezaliwa humo. Asante sana.

Skrubu haijatoka.

Lakini usihangaike. Perce anakuja kila Jumamosi saa nane mchana. Anatia mafuta, anagonga mara kumi, anafuta kwa kitambaa, anajaribu. Kisha anaitazama kwa heshima na kusema, "Tuipe wiki nyingine." Basi tunakunywa chai. Wewe unawajua wanaume wa huku, hawezi mtu kubisha mlango wa mwanamke kama hana nyundo mkononi. Nami huoka pasti mbili tatu, vile vikate vilivyofungwa nyama na tanipu ndani, kwa kuwa tanuri limeshawaka. Jumamosi iliyopita alikula tatu, akanisimulia maisha yote ya mbwa wake, tangu kuzaliwa. Ulijua kwamba Perce anaongea? Nilipomwambia yale ya kofia na paka alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Nimenunua gauni mjini Kadina, la manjano. Yale mengine yalikuwa yamechakaa, hakuna sababu nyingine.

Usitume vifaa vingine, kaka. Usijisumbue kabisa. Subira huvuta heri.

Dada yako,
Elva


Innisfail
9 Machi 1971

Mdogo wangu Elva,

(Huu ni mwandiko wa Dot, wifi, usishtuke. Clarrie anasema, mimi naandika. Ananiambia nikwambie ana kazi nyingi. Amekaa kibarazani anatazama mvua.)

Barua yako ya tarehe 14 mwezi uliopita imefika jana. Reli ilikuwa chini ya maji siku kumi na saba. Mto umepanda mpaka kwenye banda la jirani na nguruwe wake ameonekana akielekea baharini, ametulia kama abiria aliyelipa. Sisi tuko salama juu ya kilima.

Elva, mwezi mzima! Skrubu gani hiyo, ya safina ya Nuhu? Mimi nilipokea bunduki iliyokaa miezi minane kwenye matope ya New Guinea, nikaitoa skrubu yake kwa siku tatu. (Mwaka jana zilikuwa siku tano. Dot.) Sasa tumia moto. Chukua chuma cha kulehemu, kipashe, kiguse kichwani mwa skrubu tu, usiguse ubao. Ukitema mate yakalia, basi imetosha. Chuma kikipoa kutu inaachia. Hata mtoto anaweza.

Na huyo Hocking anafanya nini huko wiki zote hizi? Anakula tu? Ama hajui kazi, ama (hapa ametazama dari, kisha amesema) ama hajui kazi. (Mimi mawazo yangu yameshafika mbali zaidi. Wifi, hilo gauni la manjano lina mikono au halina? Nijibu kwa karatasi ya pembeni. Dot.)

Basi nimeamua. Katikati ya Aprili nitapanda treni, nije mwenyewe. Dakika kumi tu, kwa mkono wangu huu, skrubu hiyo itakuwa mezani. (Hapa mimi sikusema kitu. Dot.)

Mwambie Hocking asiguse tena. Anaizoesha uvivu.

Kaka yako,
Clarrie

(Amesema pia neno moja kuhusu Hocking ambalo kasuku ameshalishika. Sikuliandika. Dot.)


Penrose Flat
Jumapili, 21 Machi 1971

Kwako kaka Clarrie, na wewe wifi maana najua unasoma,

Nashukuru kwamba maji hayakuwafikia. Poleni na mafuriko, na pole kwa mwenye nguruwe. Huku joto limepungua, asubuhi kuna baridi kidogo. Watoto wa paka wamefumbua macho. Gauni lina mikono mifupi.

Nina jambo la kukiri, na nataka usome ukiwa umekaa.

Skrubu ilitoka tarehe 3 Februari. Siku ya Jumatano, asubuhi. Nilipokuandikia kwamba haijatoka nilikudanganya, tena bila haya. Bisibisi yako ilikuwa imefika siku hiyo na nikasema ngoja nijaribu mwenyewe, nimshangaze Perce. Nikakaza kidogo kama ulivyosema, nikalegeza. Ikatoka kama karoti kwenye udongo wa mvua.

Nilisimama pale nimeishika kiganjani. Badala ya kufurahi, nikajikuta nahesabu. Jumamosi Perce atakuja, ataikuta imetoka. Ubao utatoka, bolti itakazwa, ataifunga, ataniambia "Haya, Elva," na atavaa kofia yake. Basi. Itakuwa imekwisha, na Jumamosi ya pili sitakuwa na mtu wa kumwekea kikombe.

Nikaingia jikoni. Nikaichovya ile skrubu kwenye shira yako, nikairudisha, nikaikaza kwa uzito wangu wote mpaka meza ikalia. Kisha nikailaza bunduki karibu na jiko, shira ikakauka ikawa kama gundi. Baba angenitandika kwa mkanda.

Nina miaka hamsini na nne. Nilimuuguza Mama miaka sita na Baba kumi na mmoja, sikulalamika na silalamiki sasa. Lakini tangu Januari, nikisikia gari la Perce getini, moyo unanienda mbio mpaka nashika sinki. Naimba nikiwa nafagia! Jana nilimsemesha kuku kuhusu yeye. Wahenga walisema penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika, nami nimekohoa miezi miwili mbele ya kijiji kizima. Ila naogopa, Clarrie. Kinachomleta kwangu ni skrubu. Ikitoka hana tena sababu ya kuja, na mimi sijui kama sababu nyingine ipo. Yeye hasemi. Nami nitamuuliza vipi?

Kwa hiyo nakuomba, usije kabla ya tarehe 24. Utaigusa mara moja tu na utajua.

Jambo la pili. Kwa nini Dot ndiye anayeandika? Wewe unajisifu mwandiko wako tangu darasa la tatu. Una nini? Usinifiche, mficha uchi hazai.

Dada yako,
Elva


Innisfail
1 Aprili 1971

Elva,

Barua hii naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka, na imenichukua siku tatu. Dot anakusalimu. Alipofika kwenye shira alicheka mpaka akalala sakafuni. Kasuku naye alimwiga. Nilikaa katikati ya vicheko viwili kwa muda wa robo saa, nimekasirika peke yangu.

Shira! Kwenye bunduki ya Baba! Mtu ameibeba matopeni miaka mitatu, ameilalia, ameifuta kila siku kuliko alivyopiga mswaki, na binti yake anaitia shira kama mkate! Katika miaka yangu yote jeshini nimekuta ndani ya bunduki mchanga, mjusi, meno bandia, na barua ya mke wa mtu. Shira sijawahi kukuta.

Haya. Nimeshatulia.

Uliuliza nina nini. Vidole vimejikunja. Vilianza mwaka jana, na hii mvua imevimaliza. Kifungo cha shati ananifunga Dot. Zile dakika kumi nilizojisifia ni za mwaka 1955, siku hizi hata bisibisi sishiki, inaanguka. Niliona haya kukuambia. Tangu Januari nilikuwa nikisubiri barua zako, nami nalala nikifikiria skrubu ile, tone la mafuta, nyundo ndogo. Ndiyo kazi pekee iliyonibakia ninayoweza kuifanya, kuifanya kwa mikono ya mwingine. Niliifurahia kuliko ninavyoweza kusema, na kumbe muda wote ilikuwa imetoka! Ningeweza kukupiga. Ningeweza pia kukukumbatia. Siji Aprili, daktari amekataa siku nne za treni.

Kuhusu Hocking, fikiria jambo moja, maana mimi nimelifikiria siku tatu hizi kati ya mstari na mstari. Yeye ni nahodha wa klabu mwaka wa tisa. Ana bunduki yake mwenyewe ya aina hiyohiyo, na anaifungua yote kila mwaka kabla ya mashindano. Hakuna nahodha anayeshindwa skrubu ya pua kwa wiki kumi. Hata yule wa kwenye josho.

Shira haitaki mafuta wala moto, inataka maji. Chemsha birika, funga kitambaa chini ya pua ubao usilowe, mimina kidogo kidogo juu ya kichwa cha skrubu, ngoja hesabu ya mia, geuza. Kisha kausha kila kitu, paka ubao mafuta ya kitani, na chuma upake mafuta mazito.

Itoe mbele yake. Bunduki ya Baba italia tarehe 24, na wewe ndiye utakayeipiga, si yeye. Uoga wako nimeuona na siucheki. Ogopa, lakini uogope huku unageuza bisibisi.

Clarrie


Penrose Flat
Jumapili, 2 Mei 1971

Kwenu kaka Clarrie na wifi Dot,

Salamu, salamu, salamu! Mikono yako inaendeleaje? Nimesoma barua yako mara nyingi hata imeanza kukatika kwenye mikunjo. Ungeniambia tangu mwanzo. Ningekuandikia kila siku, ningekutafutia skrubu nyingine. Mvua imefika huku hatimaye, na wakulima wote wako shambani wanapanda. Watoto wa paka wamepata kwao, wawili kwa mchungaji. Nawaandikia jikoni, na mistari yangu nayo inapanda na kushuka, ila ni kwa furaha, kwa hiyo msiniogopee. Nawaeleza kwa mpangilio, nikiweza.

Jumamosi ya Pasaka, Perce alikuja saa nane kama kawaida, nyundo mfukoni. Nikamwambia, "Leo kaa, nitajaribu mimi." Nikafunga kitambaa, nikamimina maji ya moto. Akayatazama yale maji. Akanitazama mimi. Akasema, "Njia nzuri," basi. Nikahesabu mia, nikageuza, ikatoka. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia lolote. Nilisema, "Alaa! Imetoka!" kwa sauti ya mwigizaji mbovu. Naye akasema, "Alaa." Tulikula pasti, na keki ya zafarani niliyomwokea hakuigusa.

Wiki iliyofuata tulitoa kofia ya pua, tukatoa ubao. Ulikuwa mzima, Clarrie, hauna ufa hata mmoja. Ndipo Perce akanipa bisibisi ndefu, nikaikaza bolti ya kitako mimi mwenyewe, mpaka kitako kikatulia, kikawa kitu kimoja na mwili wa bunduki. Ungeona. Tuliurudisha ubao, tukapaka mafuta ya kitani, na nyumba nzima ikanuka Baba.

Tarehe 24 walikuja watu kutoka Kadina na Moonta, bunduki ishirini na sita, na wenye nazo wote wanaume. Mzee mmoja aliuliza kama nimeleta chai. Perce akamwambia, "Amekuja kukushinda, Alf, sogea." Nikalala kwenye gunia na gauni langu la manjano. Risasi ya kwanza ililia, bunduki ikanipiga begani nikaona nyota, na machozi yakanitoka palepale nikiwa nimelala. Nilipiga kumi kwa yadi mia tatu. Nimepata arobaini na moja kati ya hamsini, nimekuwa wa tatu. Alf amekuwa wa kumi na tisa, na chai alijichotea.

Watu walipoanza kuondoka Perce alinipa mkono. Akasema, "Basi, Elva. Kazi imekwisha." Akavaa kofia, akaenda kwenye gari lake. Nilirudi nyumbani na bunduki ya Baba iliyopona kabisa, nikakaa nayo jikoni nikiichukia.

Jana ikawa Jumamosi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitaoka. Saa tano nikaoka. Saa nane hakuna gari. Saa tisa hakuna gari. Nilifagia mbele ya geti mara tatu. Saa tisa na nusu nikasema, Elva, ulimwogopa Mama, ukamwogopa Baba, ukawaogopa majirani, na sasa unaogopa mtu mwenye masikio makubwa anayeongea na mbwa? Nikatia pasti kwenye kikapu, nikaingia garini, nikaendesha maili sita za matope nikijisemesha kwa sauti.

Mlango wake ulikuwa wazi. Nikamkuta jikoni amevaa shati jeupe na tai. Mezani ameifungua redio yake, vipande kila mahali, mpaka kwenye viti.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Bado," akasema. "Nimejaribu tangu asubuhi. Kila nikiirudisha inaimba."

"Sasa unaiharibu ya nini?"

"Nilitaka nikuletee uitazame. Una mkono mzuri wa skrubu." Akawa mwekundu mpaka shingoni. Kisha akasema, akiwa anatazama koleo lake, "Ile ya bunduki ilikuwa shira, eti?"

Clarrie, nilitaka sakafu inimeze. "Nani kakwambia?"

"Sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka dirishani mpaka kwenye pua ya bunduki, Jumamosi ya pili ya Februari. Nikaweka kidole, nikalamba. Tangu siku hiyo, ukienda kuchota chai, mimi nawafagia kwa kofia usije ukawaona ukaona haya."

"Wiki tisa?"

"Kumi na tatu. Kabla ya hapo nilikuwa nageuza bisibisi upande wa kukaza."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akaanza, na mbwa akaingia kuona kuna nini. Tulipomaliza tukabaki tunatazamana, hakuna bunduki, hakuna nyundo, hakuna kitu katikati yetu isipokuwa redio nzima iliyofunguliwa bila kosa lolote. Nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema tena mpaka nizikwe.

"Perce," nikamwambia, "kwangu hakuna tena kilichokwama. Utakuja Jumamosi au huji?"

"Nitakuja."

"Kila Jumamosi?"

Alivuta tai yake, akaifunga vibaya zaidi. "Nilikuwa nafikiria na zile siku sita nyingine, Elva."

Nikasema ndiyo kabla hajafika kwenye swali, kisha nikakaa kitini bila kutazama, juu ya spika. Sasa redio imeharibika kweli. Harusi ni tarehe 19 Juni.

Dada yako,
Elva